Lami Moja, Vyombo Viwili: Mwongozo Kamili kwa Waendesha Baiskeli na Madereva wa Mtwara na Lindi

Kabla ya kuzungumzia breki, taa na sheria, tufanye hesabu ya lami. Barabara zetu kuu za huku Kusini, ukiacha mabega, huwa na upana wa kama mita 6.5, yaani mita tatu na robo kila upande. Lori au basi kubwa lina upana wa mita 2.5. Usukani wa baiskeli, kutoka ncha hadi ncha, ni kama sentimita 60. Mwenye baiskeli hawezi kukanyaga ukingo wenyewe wa lami, kwa hiyo mpe nusu mita. Kati yake na lori weka mita 1.5. Jumlisha: nusu, na 0.6, na 1.5, na 2.5. Unapata mita 5.1.

Maana yake ni kwamba lori haliwezi kumpita mwenye baiskeli kwa usalama bila kuvuka mstari wa katikati, tena kwa karibu mita mbili. Kama upande wa pili kuna chombo kinakuja, nafasi ya kupita haipo. Haijalishi dereva ana uzoefu wa miaka mingapi au ana haraka kiasi gani. Hapo kinachobaki ni kusubiri nyuma.

Hizo mita 1.5 ni kipimo ambacho nchi kadhaa zimekiandika kabisa. Ufaransa wanadai mita 1 ndani ya mji na 1.5 nje ya mji. Ujerumani wanadai 1.5 mjini na 2 nje. Uingereza waliongeza mita 1.5 kwenye mwongozo wao wa barabarani mwaka 2022, na zaidi ya hapo mwendo ukiwa mkubwa. Dereva wa kutoka Mtwara kwenda Masasi hana sababu ya kungoja aandikiwe.

Ujue msimu na saa za hatari

Hatari hapa kwetu haiko sawa mwaka mzima. Kuanzia Oktoba hadi Januari ni msimu wa korosho: malori yanabeba magunia kutoka maghala ya vyama vya msingi kwenda maghala makuu na bandarini, na wakulima nao wanapeleka korosho kwa baiskeli kwenye vyama hivyohivyo. Wote wako barabara moja, saa zilezile. Juu ya hayo kuna malori ya saruji, na yale ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kupitia Tunduru, Masasi na Mingoyo hadi bandari ya Mtwara. Haya hupenda kufuatana kwa msururu, jambo ambalo nitalirudia.

Msimu huohuo ndio wa mabibo, tunda la mkorosho, na mabibo yakivunda yanaleta pombe ya uraka. Tusifichane. Mtu aliyekunywa uraka tangu saa nane mchana anapopanda baiskeli saa kumi na moja jioni hawezi kushika mstari, hata awe bingwa. Ukiwa umekunywa, ikokote baiskeli nje kabisa ya lami, au iache kwa mwenyeji uifuate kesho. Na dereva anayejua kijiji fulani kina vilabu vya uraka kando ya barabara apunguze mwendo kabla hajaviona.

Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua inakula kingo za lami na kumwaga mchanga barabarani. Saa mbaya kuliko zote ni ile ya kuelekea magharibi. Kwetu jua huzama mapema kuliko Dodoma au Mwanza, na ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni watu bado wanatoka shamba huku dereva akijiona bado ana mwanga wa kutosha.

Hatua ya kwanza: kagua baiskeli kabla hujaipakia

Ukaguzi huu unachukua dakika mbili, na ufanywe baiskeli ikiwa tupu, kwa sababu ikishapakiwa hakuna atakayeinama.

Anza na breki. Bana breki ya mbele peke yake, kisha sukuma baiskeli mbele kwa nguvu. Gurudumu la mbele likiendelea kuzunguka, hiyo breki ni pambo. Rudia kwa breki ya nyuma: gurudumu liburuzike, lisizunguke. Angalia raba za breki. Zikiwa zimeisha hadi chuma kinagusa rimu, badilisha leo. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kila kitu kingine unachobeba. Hakikisha raba inabana rimu na haigusi tairi, maana inayogusa tairi huitafuna mpaka mpira wa ndani ukapasuka, mara nyingi ukiwa na mzigo. Baiskeli za inchi 28 zenye breki za fito zinataka uangalizi zaidi: nati za fito hulegea kwa mtikisiko, na fito ikichomoka breki yote imeondoka.

Halafu matairi. Bonyeza kwa kidole gumba. Likibonyea kirahisi, tia upepo. Tairi laini lenye mzigo huyumba kwenye kona na kupata pancha haraka. Shika gurudumu uliyumbishe kushoto na kulia: likicheza, bolingi zimekwisha au nati imelegea. Pitisha vidole kwenye spoku. Iliyolegea utaisikia.

Mwisho kengele na cheni. Kengele ni kwa ajili ya watembea kwa miguu na mbuzi. Dereva wa lori haisikii, usiitegemee kwake.

Kuhusu nguo: kanga, baibui, kanzu na suruali pana huingia kwenye cheni au spoku za nyuma. Kanga ifungwe juu ya goti, kanzu ipandishwe na kushikiliwa kiunoni, mguu wa suruali wa upande wa cheni ufungwe kwa mpira. Kinga ya cheni na wavu wa nguo kwenye gurudumu la nyuma ni vitu ambavyo fundi anaweza kuviweka, na kwa dada au mama anayepanda kila siku ni vya lazima.

Helmeti wachache wanavaa huku. Najua sababu: joto, bei, na maneno ya watu. Hata hivyo majeraha ya kichwa ndiyo yanayoua, na helmeti inayokaa sawasawa, mkanda umefungwa chini ya kidevu, hupunguza sana uzito wa jeraha hilo. Kama una moja tu nyumbani, apewe mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli.

Hatua ya pili: funga mzigo kama wa safari ndefu

Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20. Mwenye kuuza maji anayefunga manne amebeba kilo 80, karibu mtu mzima mwingine. Kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida ya siku zote, mizigo hiyo ndiyo riziki ya watu, kwa hiyo sitamwambia mtu asibebe. Ninachomwambia ni namna ya kubeba.

Weka uzito chini na usawa pande zote mbili. Madumu mawili yanayoning'inia kila upande wa keria yanatulia kuliko yaliyorundikwa juu. Funga kwa raba za tyubu, si kamba ya katani peke yake, kwa sababu kamba hulegea mzigo ukitikisika. Hakuna ncha ya kamba inayoachwa ikining'inia karibu na spoku. Gunia la mkaa au la korosho lililokaa kwa ubavu hufanya chombo chako kiwe na upana wa karibu mita moja, na dereva aliyeko nyuma huenda haoni hilo mpaka yuko karibu. Lisimamishe kama linaweza kusimama. Tenga la samaki lisizibe kiakisi cha nyuma.

Baiskeli iliyopakiwa ipime kabla ya kuingia lami: piga pedeli hatua chache kwenye njia ya vumbi, kisha bana breki. Utashangaa inavyochelewa kusimama.

Hatua ya tatu: jua pa kupita

Baiskeli hupita kushoto, upande uleule wa magari yanayokwenda unakokwenda wewe. Hapa watu huchanganya, kwa sababu shuleni tulifundishwa kutembea upande wa kulia ili tuyaone magari yanayokuja. Hilo ni kwa mtembea kwa miguu. Ukiendesha baiskeli upande wa kulia, gari linakukuta kwa mwendo wake na wako vikijumlishwa, na dereva anayeingia kutoka njia ya kando hakutazamii hapo.

Kama kuna bega la lami safi, pita begani. Kama bega limeliwa, lina mchanga au limejaa mawe, pita kwenye lami, nusu mita hadi mita moja kutoka ukingoni, na ushike mstari mmoja. Kosa kubwa ni kuingia na kutoka begani kila baada ya hatua kumi. Dereva akikuona umetoka anadhani umempisha, kisha unarudi mbele yake kukwepa jiwe.

Jifunze kugeuza shingo. Kabla ya kukwepa shimo, kabla ya kumpita mtu anayetembea, tazama nyuma kupitia bega la kulia bila kuupeleka usukani huko. Wengi wakigeuza shingo na mikono inafuata, kwa hiyo fanyia mazoezi uwanjani, baiskeli tupu. Kioo kidogo cha pikipiki kilichofungwa kwenye usukani kinasaidia, ila hakichukui nafasi ya shingo.

Kukata kulia ndipo panapoua. Usikate ghafla kutoka kushoto kabisa. Tazama nyuma mapema, nyoosha mkono wa kulia, tazama tena, kisha sogea katikati kama nyuma ni peupe. Barabara ikiwa na malori, sahau hayo yote: toka kushoto, simama, shuka, subiri, vuka kwa miguu ukiikokota. Hakuna aibu. Pale Mingoyo kwenye njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kila mtu, kijana na mzee.

Na kitu kimoja cha mjini: usiingie kushoto kwa lori lililosimama kwenye makutano au kipilefti. Dereva wetu anakaa kulia, kwa hiyo ubavu wa kushoto karibu na kichwa cha gari hauoni vizuri hata akiwa na vioo. Lori likikata kushoto, magurudumu ya nyuma ya tela hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakata kona kwa ndani, pale hasa ulipojibanza. Kaa nyuma yake.

Hatua ya nne: malori yanapokutana ulipo wewe

Unasikia lori nyuma, na mbele unaliona basi linakuja. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: vyombo vitatu haviingii kwenye mita 6.5. Haki ya kuwa pale unayo, na dereva wa nyuma ndiye anayepaswa kupunguza. Lakini huna uhakika kama amekuona, amesinzia, au ana simu mkononi. Kwa hiyo toka mapema, vyombo vikiwa bado mbali. Acha kupiga pedeli, tafuta mahali ambapo lami na udongo viko kimo kimoja, shuka taratibu, usimame. Ukingo ukiwa umedondoka kama ngazi, usiushuke ukiwa mbioni, maana gurudumu la mbele litateleza na kukuangusha kuelekea barabarani.

Lori likikupita, upepo wake kwanza hukusukuma nje, halafu hukuvuta ndani. Shika usukani kwa mikono miwili na usirudi lami mara moja. Hapa ndipo msururu wa makaa ya mawe unapoingia: nyuma ya lori la kwanza kuna la pili ambalo hukuliona wala halikukuona. Hesabu mpaka barabara iwe kimya, ndipo urudi.

Kuna hatari nyingine ambayo haitajwi sana: gari linalokuja mbele yako likiovateki na kuingia upande wako. Dereva ametazama, ameona hakuna gari, ameamua barabara haina kitu. Wewe upo. Ukiona pua ya basi inachungulia nyuma ya lori linalokuja, anza kutoka hapohapo.

Miteremko

Kutoka Newala kushuka kuelekea Masasi, au kuingia Mikindani na kona zake za kando ya ghuba, baiskeli yenye mzigo hushika kasi kuliko breki zake zinavyoweza. Breki zote mbili zianze kubana juu kabisa, kabla ya kasi. Bana, achia, bana, achia, ili raba zisipate moto. Mzigo ukizidi kilo 40, shuka uikokote. Fito ikichomoka katikati ya mteremko, lenga mchanga au nyasi za kushoto, wala usijaribu kuisimamisha kwa ndara kwenye tairi la mbele.

Giza

Taa za gari zikiwa chini humulika kitu cheusi kama mita 40 mbele. Gari la kilomita 80 kwa saa hutembea mita 22 katika sekunde moja ambayo dereva anashtuka, na kisha linahitaji mita 30 na kitu za kubana breki kwenye lami kavu. Jumla si chini ya mita 55, na lori lenye mzigo huzidi hapo. Kwa hiyo mwenye baiskeli asiye na kitu kinachong'aa anaonekana wakati ambapo tayari hakuna la kufanya.

Mbele weka taa nyeupe. Dinamo ni nzuri ila ukisimama huzima, kwa hiyo kurunzi ndogo ya kuchaji, hata ya sola, ifungwe kwenye usukani kama akiba. Nyuma weka taa nyekundu au kiakisi chekundu. Ukipata vyote viwili, heri. Nunua kipande cha ile stika ya kuakisi nyekundu na nyeupe inayobandikwa kwenye malori, ikate vipande: viwili madigadi ya nyuma, kimoja kila upande wa uma unaoshika gurudumu la mbele, na vipande vyembamba kwenye pedeli. Pedeli zinapanda na kushuka, na kitu kinachong'aa kikipanda na kushuka, dereva anajua mara moja kwamba ni mtu. Shati jeupe pekee halitoshi. Kizibao cha bodaboda kinatosha zaidi, mradi usikifunike kwa begi.

Sasa dereva

Sehemu hii ni ndefu kwa sababu chombo kizito ndicho chenye deni kubwa. Mwenye baiskeli akikosea anajiumiza mwenyewe. Wewe ukikosea unamuumiza yeye.

Tuanze na muda, kwa kuwa ndio sababu inayotolewa kila siku. Sema umemkuta mzee wa madumu na basi linakuja mbele. Unapunguza hadi kilomita 20, unakaa nyuma yake sekunde 10, basi linapita, unampita kwa nafasi. Umepoteza sekunde saba au nane, na pamoja na kuongeza mwendo tena tuseme 15 kwa lori. Mtwara hadi Masasi ni kama kilomita 200. Ukifanya hivyo mara 20 njiani, umechelewa dakika tano. Kwenye mizani au kwa chai ya Mnazi Mmoja unatumia zaidi ya hizo.

Ukisubiri, kaa mbali nyuma yake, si kumpumulia mgongoni. Ukimkaribia sana anababaika, anaangalia nyuma, anayumba. Kisha ukipita, pita kama unapita gari: indiketa, upande wa pili kabisa, rudi ukiwa umeshamwona mzima kwenye kioo cha kushoto. Mwenye tela akumbuke tela. Wengi hurudi kushoto kichwa kikishapita, na mkia ndio unaomkumba mtu.

Honi ina kazi yake. Mguso mfupi ukiwa mbali, mita 100 hivi, unamjulisha mtu kwamba upo. Honi ya upepo ukiwa sikioni kwake inamrusha, na mahali pa kurukia hujui ni wapi. Wapo wanaoitumia kumwamuru mtu atoke barabarani. Huo ni ubabe, na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, haikumpa dereva wa gari umiliki wa lami.

Mwendo: kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na magari makubwa na ya abiria hayaruhusiwi kuvuka 80 popote. Tofauti ya 50 na 80 inaonekana ndogo kwenye dashibodi, lakini nguvu ya kugonga huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa 50 unasimama ndani ya mita 28 hivi. Kwa 80 unahitaji karibu mara mbili. Nimeona tabia ya kubana breki kwenye kibao cha 50 pale tu trafiki anapojificha, kisha kukanyaga mafuta kabla nyumba hazijaisha. Nyangao, Mtama, Ndanda, watu wanavuka mpaka nyumba ya mwisho.

Alfajiri ukitoka Mingoyo kwenda Mtwara jua linachomoza usoni mwako. Shusha kizuia jua, safisha kioo, na upunguze. Mtu aliye mbele yako anakuwa kivuli tu. Usiku ukikutana na baiskeli inayokuja, shusha taa kama unavyomshushia dereva mwenzako. Akipofuka kwa taa zako anaweza kukuingilia bila kukuona.

Mwenye daladala au noah: kabla ya kukata kushoto kuchukua abiria, angalia kioo cha kushoto na umwulize konda. Usimpite mwenye baiskeli kisha ukamfungia breki mbele yake hatua kumi baadaye kwa ajili ya nauli ya mtu mmoja. Ukiegesha mjini, fungua mlango wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mwili unageuka wenyewe, na macho yanaona nyuma kabla mlango haujatoka. Abiria wa nyuma nao wafundishwe.

Gari likiharibika usiku, weka pembetatu mbali, mita 50 na zaidi, na majani ya mti hayatoshi. Mwenye baiskeli anakuja na taa dhaifu na bodi ya lori haina mwanga wowote.

Abiria, usinyamaze. "Suka, taratibu, kuna mzee wa maji mbele" ni maneno yanayotosha. Basi likizidisha mwendo na dereva hasikii, piga simu LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Namba huwa zimebandikwa ndani ya mabasi, na mabasi ya safari ndefu yana kifaa kinachorekodi mwendo. Na wenye malori, mkimpangia dereva mizunguko ambayo haiwezekani bila kukimbia na kukosa usingizi, kosa la barabarani limeanzia ofisini kwenu.

Bodaboda na bajaji

Hawa wako katikati: wanaogopa lori na wanaogopwa na baiskeli. Bodaboda asimpite mwenye baiskeli kwa kushoto, begani, hata kama barabara imejaa. Hapo ndipo yule wa baiskeli anapokimbilia akishtuka.

Watoto

Mwanafunzi wa shule ya kata anayesafiri kilomita nyingi kwa baiskeli asipewe baiskeli ya baba isiyomfikisha miguu chini. Akikaa kwenye kiti, ncha za vidole vya miguu yote miwili ziguse ardhi. Mzazi aipite njia pamoja naye mara ya kwanza na amwonyeshe pa kuvukia, pa kushuka, na kichaka kinachoziba macho. Mshikaki wa watoto watatu usikubaliwe barabara kuu, na mdogo anayekaa kwenye bomba la mbele miguu yake iwekewe pa kukanyaga ili isiingie kwenye spoku. Walimu wanaweza kusaidia kwa jambo dogo: watoto wa baiskeli watoke dakika kumi kabla au baada ya wenzao, wasijazane langoni na daladala.

Ajali ikitokea

Dereva, simama. Sheria inakutaka usimame, usaidie na utoe taarifa polisi. Najua hofu ya watu wenye hasira ni ya kweli. Kama maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi cha karibu ukaripoti papo hapo. Kukimbia na kuficha gari ni jambo jingine kabisa. Na wananchi, lori likichomwa majeruhi hapati chochote, na ushahidi umeungua.

Zuia kwanza ajali ya pili: watu wawili wasimame mbali pande zote mbili kupunguza magari. Piga 112. Majeruhi asinyanyuliwe kwa mikono na miguu, hasa akilalamika shingo au mgongo, isipokuwa kama kuna moto au magari hayazuiliki. Damu inayotoka ibanwe kwa kanga safi, ikandamizwe bila kuachia. Asipewe maji wala chakula, kwani huenda akahitaji upasuaji. Aliyegonga kichwa akainuka na kusema yuko mzima apelekwe hospitali hivyohivyo. Damu ndani ya fuvu hujionyesha baada ya saa kadhaa kwa kutapika, usingizi mzito na kuchanganyikiwa.

Kulingana na mlipo: Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, Nyangao na Ndanda kwa walio katikati, Mkomaindo kwa Masasi. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumtibia majeruhi, inahitajika, lakini msimshikilie majeruhi mkiingoja; mmoja ampeleke, mwingine aende kituoni kuichukua.

Anayebaki apige picha: namba ya gari, mahali baiskeli ilipoangukia, alama za breki kwenye lami, na ukingo wa barabara. Andika majina na simu za waliokuwepo. Kisha itakuja sentensi mnayoijua: "Mzee wangu, haya mambo tumalizane wenyewe." Msimalizane barabarani. Shilingi elfu hamsini ya leo haitalipa mguu uliovunjika wala bandama iliyopasuka itakayogunduliwa kesho. Kila gari linatakiwa kuwa angalau na bima ya mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu ni pamoja na mwenye baiskeli. Uhalali wa bima unaweza kuangaliwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari. Ili kudai mtahitaji taarifa ya polisi na ramani ya ajali, PF3 iliyojazwa na daktari, na risiti zote, hata za nauli ya kwenda hospitali, kwa hiyo zitunzeni tangu siku ya kwanza.

Barabara yenyewe: nani aambiwe nini

Ukingo uliobomoka, kibao cha 50 kilichoibwa, kichaka kinachoziba kona: hivi vina wenyewe. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017. Malalamiko ya jumla huishia kwenye meza, kwa hiyo barua ya kijiji itaje kilomita au alama iliyo karibu, urefu wa ukingo uliobomoka kwa mita, kina chake kwa sentimita, picha mbili, na ajali zilizotokea hapo kama ziko kwenye kumbukumbu za kijiji. Ombeni kitu kimoja kinachotekelezeka kwa kila barua: kujaza bega, au tuta, au kibao. Wakati mnasubiri, anzeni na kichaka. Mtendaji anaweza kukiweka kwenye kazi za kijiji Jumamosi. Nakala ya barua iende kwa diwani, na jina la atakayeifuatilia liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano pamoja na tarehe.